Wapigaji wasioimba: tunawakumbukaje magwiji wa roki wanaotutoka?

MtegaRedio aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu nyote. Tangu mwaka 2020 tanzia za wanamuziki wa roki ya zamani zimefuatana kiasi kwamba moja haijapoa nyingine inaingia: Peter Green, Eddie Van Halen, Charlie Watts, Christine McVie, Jeff Beck, David Crosby, Tina Turner, Robbie Robertson, Phil Lesh, Garth Hudson, Brian Wilson, na mwezi Julai 2025 Ozzy Osbourne. Nimesoma taazia nyingi kati ya hizo, na kuna jambo linalonikera. Akifariki mwimbaji, kurasa hujaa habari za sauti yake, safari zake na hata ndoa zake. Akifariki mpiga dramu au mpiga kinanda, tunaambiwa kwamba alikuwa uti wa mgongo wa bendi, kisha mwandishi anakimbilia kutueleza mwimbaji aliye hai amesema nini. Uti wa mgongo kwa namna gani? Alifanya nini ambacho mwingine akiketi pale asingekifanya?

Mimi na wenzangu wachache wenye santuri tunakusudia kuandaa jioni ya kuwasikiliza marehemu hawa, na nimepewa kazi ya kuchagua nyimbo na kusema maneno machache kabla ya kila moja. Sipendi kusimama mbele ya watu nikisoma wasifu ambao kila mmoja anaweza kuusoma katika simu yake. Naomba mnisaidie: kati ya waliotutoka miaka hii ya karibuni, ni wapigaji gani waliokaa nyuma ya mwimbaji ambao wanastahili kusikilizwa kwa makini, na sikio lielekezwe wapi ndani ya wimbo ili hata mtu asiyejua kupiga ala yoyote aitambue kazi ya mikono yao? Tafadhali msinitajie majina matupu.

FimboMbili alijibu:

Ndugu MtegaRedio, anza na Charlie Watts wa Rolling Stones, aliyefariki London tarehe 24 Agosti 2021 akiwa na umri wa miaka 80, kwa sababu kwake swali lako linajibika kwa macho na kwa masikio pia. Tafuta video yoyote inayomwonyesha akipiga. Wapiga dramu walio wengi, mkono wa kulia ukishaanza kugonga yale matoazi mawili yanayofungwa na kufunguliwa kwa mguu, huendelea kugonga bila kukatiza, hata pale mkono wa kushoto unapoishukia dramu ndogo yenye mlio mkali katika pigo la pili na la nne. Watts hakupiga hivyo. Kila mkono wa kushoto uliposhuka, wa kulia uliinuka na kuacha kugonga, kwa hiyo mapigo hayo mawili yalisikika peke yake, bila kufunikwa na mlio wa matoazi. Ukishalitambua jambo hilo utalisikia katika nyimbo zao za miongo mingi, na utaelewa kwa nini muziki wenye magitaa mawili yanayopigana vikumbo bado una nafasi ya kupumua.

Jambo la pili ni nani humfuata nani. Katika bendi nyingi za roki mpiga dramu ndiye anayeshika usukani na wengine humfuata, lakini katika Rolling Stones gitaa la Keith Richards lilitangulia na Watts akalifuata, na huko kuchelewa kusikopimika kwa saa ndiko kunakoupa muziki wao mwendo wa kuyumba bila kuanguka. Wengi wamejaribu kuziiga nyimbo hizo kwa usahihi wote wa mapigo, na ndiyo maana haziwi zenyewe.

Kwa jioni yenu, pigeni "Honky Tonk Women" ya mwaka 1969. Kengele ya ng'ombe inayoufungua wimbo hupigwa na mtayarishaji wao, Jimmy Miller. Kisha dramu za Watts zinaingia, na gitaa linakuja baadaye, jambo ambalo kwao ni nadra. Waambie wasikilizaji wako wasubiri hapo hapo, kabla Mick Jagger hajafungua kinywa. Ila nakutahadharisha: usichague "You Can't Always Get What You Want" kwa ajili ya kumkumbuka Watts, maana dramu za wimbo huo zilipigwa na Miller mwenyewe, nami nimeshawasikia watangazaji wakimsifu marehemu kwa kazi isiyokuwa yake.

Kuhusu maisha yake, sema kidogo tu. Alijifunza kwa kuing'oa shingo banjo aliyokuwa nayo utotoni na kuipiga ngozi yake kama ngoma. Alikuwa mchoraji katika kampuni ya matangazo kabla ya kujiunga na bendi mapema mwaka 1963. Alipenda jazi kuliko roki, na hakuficha. Katika ziara alikuwa na desturi ya kuchora kila kitanda cha hoteli alicholalia, desturi ambayo kwangu inamweleza vizuri kuliko kurasa kumi za sifa. Bendi ilipoanza ziara yake huko St. Louis, Marekani, mwezi mmoja hivi baada ya kifo chake, onyesho lilifunguliwa kwa jukwaa tupu, mlio wa dramu, na picha zake zikipita kwenye skrini. Steve Jordan ndiye aliyekaa kwenye kiti chake, na ni mpigaji hodari sana, lakini albamu waliyotoa mwaka 2023 ina nyimbo mbili ambazo Watts alikuwa amezirekodi kabla ya kufariki, na ukizisikiliza kando ya zile za Jordan utapata somo zima bila mwalimu.

KinandaChaMbao alijibu:

FimboMbili amesema vyema, nami namleta Garth Hudson, mpiga kinanda wa bendi iitwayo The Band, ambaye kifo chake cha tarehe 21 Januari 2025, akiwa na umri wa miaka 87, kilipewa nafasi ndogo mno magazetini ukilinganisha na uzito wake. Kwa kifo hicho bendi nzima imekwisha: Richard Manuel alifariki mwaka 1986, Rick Danko mwaka 1999, Levon Helm mwaka 2012, Robbie Robertson mwezi Agosti 2023, na Hudson akawa wa mwisho. Wengi wa rika lao bado wamebakiwa na mtu mmoja au wawili wa kusimulia. Hawa hawana tena.

Bendi hiyo ilikuwa na waimbaji watatu, na Hudson hakuwa miongoni mwao. Ni Mkanada aliyesomea muziki wa Ulaya wa kinanda, na inasimuliwa kwamba alipokubali kujiunga na vijana hao mwaka 1961 alitoza kila mmoja dola 10 kwa wiki kama ada ya masomo ya muziki, ili wazazi wake wasione kwamba elimu yote ile imeishia katika vilabu vya usiku. Wakati karibu kila bendi ya roki ilitumia kinanda cha Hammond, yeye alishikamana na cha Lowrey, ambacho sauti yake ingeweza kupindishwa na kuteremshwa kidogo, na huko kupinda ndiko alikokuwa akiishi.

Wimbo wa kuanzia ni "Chest Fever" wa mwaka 1968. Sekunde zake za kwanza ni kinanda peke yake, kikidokeza kipande maarufu cha Bach, halafu Hudson anakiacha kipande hicho njiani na kwenda zake, na hapo ndipo wenzake wanapoingia. Baada ya huo pigeni "Up on Cripple Creek" wa mwaka 1969 na muulize hadhirina ni ala gani inayolia kama chura katika kibwagizo. Wengi watasema gitaa au kinubi cha mdomoni, kumbe ni kinanda aina ya klavineti kilichopitishwa katika kanyagio la gitaa. Namwona Hudson humo zaidi kuliko katika taazia yoyote: mtu aliyetafuta sauti isiyokuwapo kabla yake, akaipata, kisha akaiacha ifanye kazi nyuma ya mwimbaji bila kuidai.

Na jambo ambalo wenye kupenda Bob Dylan husahau ni kwamba rekodi zile alizofanya na The Band mwaka 1967, katika chumba cha chini cha nyumba ya rangi ya waridi karibu na Saugerties katika jimbo la New York, ziliwekwa kwenye mkanda na Hudson. Alipiga huku akiiangalia mashine.

ShangaziWaSanturi alijibu:

Wanangu, nimewasoma kwa furaha, lakini nina pingamizi. Mnawaonea waimbaji. Mnazungumza kana kwamba mwimbaji hupewa heshima ya bure kwa sababu tu uso wake uko mbele, nami nataka nimtetee Ozzy Osbourne, ambaye MtegaRedio amemtaja halafu akamwacha mlangoni.

Ni kweli kwamba maneno mengi ya Black Sabbath, bendi yake, yalitungwa na mpiga besi, Geezer Butler, ambaye yu hai. Ni kweli pia kwamba ule mlio mzito uliozaa aina nzima ya muziki ulitoka kwa Tony Iommi, aliyekatwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia na mashine ya kiwandani akiwa kijana wa miaka 17, akajitengenezea kofia za vidole kwa plastiki iliyoyeyushwa, akatafuta nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza ili zisimuumize. Yeye hupiga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo vidole vilivyokatika ndivyo vya kubania nyuzi. Kwa hesabu zenu, basi, Osbourne alikuwa mtu wa kusomewa maneno ya mwenzake juu ya mlio wa mwenzake.

Sasa sikilizeni "Iron Man" wa mwaka 1970. Sauti ya Osbourne haipandi juu ya gitaa wala haitafuti njia yake. Inakwenda bega kwa bega na gitaa, noti kwa noti, kama ala ya nne. Mwimbaji mwenye majivuno ya sauti asingekubali. Yeye alikubali, na ule ubaridi wa wimbo mzima unatoka hapo. Kama mnataka kuwakumbuka waliofanya kazi bila kujitanguliza, basi wakati mwingine mtu huyo ndiye aliyeshika kipaza sauti.

Tena, aliagwa akiwa hai, jambo ambalo wengi hawakulipata. Tarehe 5 Julai 2025, katika uwanja wa Villa Park, kwenye mtaa ule ule wa Aston jijini Birmingham alikokulia, aliimba akiwa ameketi kwenye kiti cha enzi kwa sababu ugonjwa wa Parkinson ulikuwa umemnyima miguu, na wenzake wote watatu wa mwanzo walikuwa naye, kwa mara ya kwanza katika miaka 20. Mapato yalikwenda kwa mashirika ya hisani. Alifariki tarehe 22 mwezi huo huo, na tarehe 30 jeneza lake lilipitishwa katika barabara ya Broad Street, watu wakiwa wamefurika pande zote mbili. Jiji la viwanda lilimuaga mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda. Hakuna mwandishi aliyelilazimisha.

MtegaRedio aliandika tena:

Shangazi, shikamoo. Pingamizi lako nimelipokea, na "Iron Man" nimeuingiza katika orodha kwa sababu hiyo hiyo uliyoitaja. Nimebaki na Christine McVie, aliyefariki tarehe 30 Novemba 2022. Aliimba, aliandika, na alipiga kinanda. Sijui nimweke upande gani.

BesiYaPwani alijibu:

Ndugu, muweke pamoja na Peter Green, aliyefariki tarehe 25 Julai 2020, na utaona kwamba Fleetwood Mac, bendi yao wote wawili, inalijibu swali lako tangu jina lake. Green alikuwa mpiga gitaa, mwimbaji na kiongozi, na mwaka 1967 angeweza kuiita bendi kwa jina lake bila mtu kulalamika. Badala yake aliipa majina ya mpiga dramu, Mick Fleetwood, na mpiga besi, John McVie, akitumaini pia kwamba McVie atavutika na kuiacha bendi ya John Mayall, mzee mwingine aliyetutoka Julai 2024 akiwa na miaka 90. Sijui bendi nyingine kubwa ya roki ambayo kiongozi wake alijifuta namna hiyo mlangoni. Green aliondoka mwaka 1970 na jina likabaki kwa wale wawili.

Christine aliolewa na mpiga besi huyo, wakaachana, na wakaendelea kufanya kazi pamoja. Katika albamu ya "Rumours" ya mwaka 1977 aliandika "You Make Loving Fun" kwa ajili ya mwanamume mwingine, na besi ya wimbo huo inapigwa na mume aliyeachwa, ambaye aliambiwa kwamba wimbo unahusu mbwa. Waombe wasikilizaji wafuate besi na kinanda tu, wasahau maneno, na watasikia watu wawili wanaopeana nafasi kwa adabu ambayo nyumbani ilikuwa imekwisha. Kwa hiyo humo Christine ni mwimbaji na ni mpigaji kwa wakati mmoja, na huna haja ya kuchagua.

Kuhusu Jeff Beck, aliyefariki tarehe 10 Januari 2023, nakushauri usimchanganye na hawa. Yeye karibu hakuimba, na tangu miaka ya 1980 aliacha kutumia kipande cha kuchapia nyuzi akapiga kwa vidole vitupu, mkono huo huo ukitikisa kile chuma kinachozilegeza na kuzikaza nyuzi, hata gitaa likawa linaimba badala ya mtu. Ukimpiga baada ya Watts na Hudson, watu wataacha kusikiliza kilicho nyuma na kurudi kutazama kilicho mbele, wakati kazi yote ya jioni hiyo ni kuwaachisha tabia hiyo. Mwandalie siku nyingine.