Tamasha la tamaduni chuoni: niende peke yangu? Naomba ushauri

Mgeni_Darasani: Wakuu, habari za humu. Niko mwaka wa kwanza, nasoma ughaibuni. Jumamosi chuoni kuna tamasha la majira ya machipuko: kila jumuiya ya wanafunzi ina meza yake, kuna ngoma, halafu jioni watu wanarushiana rangi za unga za Holi, ile sikukuu ya Kihindu. Natamani kwenda ila sina kampani, darasani kila mtu na kundi lake. Pili, nina pumu. Tatu, jumuiya moja inaazimisha nguo zao za asili, unavaa unapiga picha. Nikivaa haitaonekana nawakejeli? Nawasilisha.

Kipepeo: Nenda. Ukijifungia bwenini, usiku utaziona picha zao uanze kununa.

Dada wa Getini: Mdogo wangu, kama unakwenda peke yako wahi kabla watu hawajajaa, uombe kazi. Muda huo wenye meza wanahangaika: kitambaa kinapeperuka, waya wa spika haufiki kwenye umeme. Shika upande wa pili wa meza mbebe wote, tayari una wa kuongea naye. Ukifika shughuli imekolea utabaki kuzunguka na sahani kama mkaguzi.

Na usiishie kuuliza "hiki nini?" ukapita. Kama kuna meza ya Nowruz, mwaka mpya wa Kiajemi unaoangukia tarehe 20 au 21 Machi, utakuta vitu saba ambavyo majina yake kwa Kiajemi yanaanza na herufi sini, yaani "s": kitunguu saumu, siki, tufaha, majani ya ngano iliyochipua na vinginevyo. Waulize nyumbani kwao nani huipanga hiyo meza. Wataongea mpaka uombe maji.

Kemia Mtupu: Mimi nina neno kwenye pumu tu. Nyingi ya hizo rangi ni wanga wa mahindi uliotiwa rangi, vumbi laini kabisa. Usiingie katikati. Simama pembeni, upepo ukitokea mgongoni kwako, barakoa usoni, na dawa yako ya kuvuta iwe mfukoni, siyo kwenye begi uliloacha kwa mtu. Kifua kikianza kubana, ondoka, usingoje wimbo uishe. Na ukiona mtu anavuta sigara karibu na unga, hama. Juni 2015 huko Taiwan unga wa namna hiyo ulishika moto kwenye sherehe, wakafa watu 15.

Mtazamaji: Nguo usivae. Picha ikifika mtandaoni utaundiwa kesi.

Dada wa Getini: @Mtazamaji kaka, nguo wamezileta wenyewe na wanaita watu. Ukikaribishwa ndani utang'ang'ania mlangoni? Mdogo wangu, waache wakuvishe wao, maana wanajua inafungwaje, na uliza kabla ya kuposti picha yenye sura zao. Kejeli ni kujitungia vazi lako ukaenda kuwaigiza.

Mgeni_Darasani: Asanteni sana. Nimemwandikia kiongozi wa jumuiya moja, kasema nifike saa mbili asubuhi tupange viti. La mwisho: hizo rangi zinatoka kwenye nywele? Nimesuka rasta jana.

Kemia Mtupu: Paka mafuta kichwani kabla, funga kitambaa. Ukirudi kung'uta unga ukiwa mkavu kwanza, maji baadaye. Rasta nyeusi hazina neno. Kama ni za blondi, dada, rangi zitazame kwa mbali.