Hivi timu ya kupambana na mashambulizi ya mtandao inaanzwaje?

Fundi_Kebo:
Wakuu habari za jioni. Huku kwenye sekta yetu wanataka kuanzisha timu ya kupokea taarifa za mashambulizi ya kompyuta, na mjadala wote mpaka sasa ni mitambo na chumba chenye miskrini ukutani. Najua Tanzania tuna timu ya taifa, TZ-CERT, chini ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) kwa sheria ya mawasiliano ya EPOCA ya 2010, na Kenya wana ya kwao, KE-CIRT, chini ya CA, mamlaka yao ya mawasiliano. Sasa hizi timu hasa zinasimama kwa nini, mitambo, watu au sheria? Tuseme hela ipo, ungeanza wapi?

Mzee_wa_Logi:
Miskrini ni ya kumpigia picha mgeni rasmi mkuu 😂 Cheki Estonia. Timu yao ya taifa, CERT-EE, imeanza 2006, timu ndogo tu, mwezi wa nne 2007 serikali ikahamisha ile sanamu ya askari wa Kisovieti pale Tallinn, basi tovuti za serikali, mabenki na magazeti zikaanza kumiminiwa trafiki feki, yaani maombi ya uongo mengi mpaka zinazidiwa, wiki kadhaa hizo. Kilichowabeba ni kwamba watu wa mabenki na wa makampuni ya intaneti walikuwa wanajuana kitambo, na Machi ya mwaka huo huo walikuwa wametoka kuendesha uchaguzi wa bunge ambao watu walipiga kura kwa intaneti, hivyo walikuwa wameshajipanga. Halafu zali likawaangukia, mwezi wa tano mkutano wa RIPE wa waendesha mitandao ukawa unafanyika Tallinn, wazito wakakaa na Hillar Aarelaid wa CERT-EE wakawa wanawatafuta wenzao wa nje waikate ile trafiki huko huko inakotoka. We jiulize, mtu usiyemjua akikupigia saa nane usiku akuambie kata trafiki ya mteja wako, utakata? Anza na orodha ya namba za simu, na kila baada ya muda uzipige uone kama zinapokelewa.

BintiKisauni:
Sawa mzee lakini simu peke yake haitoshi. Julai 2023 eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, ilipigwa kwa trafiki feki na kundi la wadukuzi la Anonymous Sudan, na serikali ilikuwa tu imetoka kutangaza huduma zaidi ya 5,000 zimehamia huko, ikabidi wageni wapewe viza wakishatua. Mlango ukiwa mmoja na huna pa kuchujia trafiki, utampigia nani? Hapo ni pesa jameni, tusidanganyane.

Sijui_Kitu:
Mimi naona mnaruka tatizo lenyewe, watu hawaripoti. Kuna taasisi moja ya mikopo nilifanya kazi, siitaji, Jumatatu asubuhi tunawasha mashine mafaili yote yamebadilika majina na kuna kikaratasi kwenye deskitopu kinadai hela. Bosi akasema zifomatiwe zote kabla ya saa nne wateja hawajajaa, na atakayeongea kazi hana. Zikafomatiwa kweli, walipoingilia mpaka leo hapajulikani. Na usimlaumu sana, anayepokea ripoti akiwa ndo huyo huyo anayeshika leseni yako na faini, nani atajipeleka? Wamarekani baada ya ule mnyoo wa Morris, programu iliyojisambaza yenyewe kwenye kompyuta Novemba 1988, CERT yao ya kwanza waliiweka chuoni Carnegie Mellon, hawakuiweka polisi.

Mzee_wa_Logi:
Hapo umegonga penyewe. Ndo maana kuna ule utaratibu wa kuipa taarifa rangi kama za taa za barabarani kuonyesha inaruhusiwa kufika wapi, taarifa ikipewa nyekundu inaishia kwa waliopewa, haitoki hata kwa bosi wao. Timu ikivunja hiyo mara moja tu imekwisha, hata iwe na mitambo ya namna gani.

Fundi_Kebo:
Asanteni, nimepata cha kwenda kuongea kikaoni. Na kwa sie wa huku chini, kabla hiyo timu haijazaliwa, tuandae nini?

Sijui_Kitu:
Logi (kumbukumbu za kila kinachofanyika kwenye mashine) zikae mashine nyingine, miezi sio siku, na bekapu moja iwe imechomolewa kabisa kwenye mtandao. Ukishambuliwa chomoa kebo ya mtandao ila mashine usiizime, vidokezo vingine vipo kwenye ramu tu, ile kumbukumbu ya muda, na ukizima vimeenda.

BintiKisauni:
Na saa za seva zote ziwe sawa tafadhali. Hii moja inasema saa tatu ile ingine saa kumi na mbili, hapo utaunganisha nini na nini?