Tupeane uzoefu: Umekwama ugenini, pesa unayo lakini huwezi kuigusa

Mleta mada
Wakuu, habari zenu. Hili nalileta kwa wanaofuata mzigo nje, maana linatesa watu kimya kimya.

Lilinikuta Guangzhou, mitaa ya Xiaobei, nilipoibiwa simu. China karibu kila mahali, hata kwa muuza matunda, watu wanalipa kwa kuskani kwa programu za simu, Alipay au WeChat. Mgeni anaruhusiwa kuunganisha Visa au Mastercard yake, nami nilikuwa nimeunganisha. Nikanunua simu nyingine, nikapakua Alipay upya, ikataka namba ya uthibitisho. Namba hiyo inatumwa kwenye laini ya nyumbani, na laini imekwenda na simu. Nikawapigia benki kwa simu ya mwenzangu. Wakaifunga kadi kwa usalama, sawa, lakini kuifungua wakataka wanithibitishe kupitia laini ileile!

Nikamwambia mke wangu akairudishe laini. Akaambiwa imesajiliwa kwa alama za vidole, mwenyewe aje aweke dole. Mwenye dole nipo China.

Aliyeniokoa ni mfanyabiashara wa Kariakoo ninayefahamiana naye miaka mingi, tulifikia hoteli moja. Alimlipa muuza mzigo wangu kwa yuani, mke wangu akapeleka shilingi dukani kwake. Hata chakula nilikula kwa pesa yake. Mungu ambariki sana.

Nani mwingine yamemkuta?

Dereva, njia ya Tunduma
Pole sana mkuu. Mimi pesa nilikuwa nayo mfukoni na bado nililala njaa. Kongo dola ni pesa ya kila siku, ila noti wanaikagua mbele na nyuma. Ikichanika ncha tu, hawaitaki. Nimevuka Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, na posho yangu, nafika Lubumbashi, noti moja ina mpasuko pembeni, nyingine imeandikwa kwa kalamu, nyingine ya toleo la zamani. Zote zikarudishwa. Mwishowe nikaziuza kwa wabadilishaji wa barabarani kwa hasara iliyoniuma, kwa sababu turniboi wangu naye alikuwa hajala.

Siku hizi nikipewa dola nazipitia mojamoja palepale dirishani. Mwenye duka la fedha akinuna, anune.

Mdau wa Mombasa
Poleni ndugu zangu. Mie ilikuwa Dubai, pale Deira, kadi ikamezwa na mashine usiku. Kakangu akanitumia pesa kupitia wakala, lakini akaandika jina ninaloitwa nyumbani. Pasipoti yangu ina jina langu, la baba na la babu. Yule kijana wa dirishani akakataa kunipa, na kwa haki alifanya sawa, pesa za watu lazima zilindwe. Ikabidi kaka arudi alikotumia, wamrekebishie jina, ndipo nikalipwa. Nilizunguka kwenye joto lile na mtoto mgongoni hadi nikalia.

Ukitumiwa pesa, piga picha ukurasa wa pasipoti yako, mpelekee yule anayetuma, anakili jina herufi kwa herufi.

Mwanafunzi, India
Shikamooni wakubwa. Kwangu laini ya benki inakaa kwenye kitochi, simu ndogo ya vitufe, chumbani, haitembei. Simu kubwa natumia laini ya huku. Kabla ya safari nilipita duka la kampuni ya simu wanifungulie laini itumike nje, kisha nikaenda tawi la benki kuomba kadi iruhusiwe nje, maana kuna benki huzuia hadi uombe. Kadi ya pili ipo kwenye begi, mbali na ya kwanza.

Mleta mada
Mdogo wangu, marahaba. Hilo la kitochi nalichukua leo hii, kitochi ni bei rahisi kuliko kilio. Dereva, nimekusoma, noti zangu za safari ijayo nazikagua usiku huu. Dada wa Mombasa, pole kwa kuzunguka na mtoto, hilo limenigusa.

Wa Muscat na Istanbul, leteni ya kwenu. Hasa aliyewahi kubadilisha namba ya simu benki akiwa nje: alitakiwa apeleke nini, na ilichukua muda gani?