Aliuawa au alipoteza maisha? Mjadala kuhusu kanuni za matangazo kwenye video za mtandaoni

Mleta mada

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa uzito wake. Kazi yangu ni kuhariri video za YouTube. Wiki mbili zilizopita nilikuwa na rekodi ya mama mmoja anayesimulia kifo cha mdogo wake. Alisema, "Mdogo wangu aliuawa na mumewe." Aliitamka akiitazama kamera, kisha akanyamaza, na kwenye ule ukimya unasikia jogoo wa jirani akiwika. Mwenye chaneli akaniagiza nizime sauti kwenye neno "aliuawa", na kwenye maandishi ya chini niweke "alipoteza maisha". Aliogopa video isije ikapata alama ya dola ya njano, ile ya kunyimwa matangazo, maana nauli na malipo ya mpiga picha alikuwa ameshayatoa mfukoni mwake.

Nilifanya alivyoagiza. Nilipoirudia kuitazama, roho iliniuma. "Aliuawa" ni neno lenye mtu ndani yake: yupo aliyeua. "Alipoteza maisha" halina mtu, kana kwamba marehemu aliyadondosha njiani. Tafsida tunazo tangu enzi za mababu. Tunasema mja mzito, tunasema kwenda haja, tunasema marehemu, kwa kuwastahi wakubwa na wafiwa. Lakini hapa mfiwa mwenyewe ndiye aliyechagua neno kali. Sasa hii staha tulikuwa tunamfanyia nani?

Kwa msiofuatilia mambo haya: YouTube humpa mtengeneza maudhui asilimia 55 ya mapato ya matangazo kwenye video ndefu, na tangu Februari 2023 asilimia 45 ya fungu la Shorts, yaani video fupi. Ili video ipate matangazo yote, lazima ikidhi kanuni za kuwaridhisha wenye matangazo. Zinagusa matusi, damu, ngono, dawa za kulevya, silaha, na kundi linaloitwa masuala yenye utata, ambamo wameingiza ubakaji, ukatili wa majumbani, kujiua na utoaji mimba. Dola ya kijani maana yake umepita. Ya njano, matangazo ni machache au hakuna kabisa.

Mambo yalikazwa mwaka 2017. Gazeti la The Times la London lilionyesha matangazo ya kampuni kubwa na ya serikali ya Uingereza yakitokea kwenye video za watu wenye itikadi kali. Serikali hiyo ikasitisha matangazo yake, The Guardian na Marks & Spencer wakajitoa, na ng'ambo ya bahari AT&T na Johnson & Johnson wakafuata. Januari 2018 kizingiti cha kuanza kulipwa matangazo kikapandishwa hadi wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12.

Swali langu ni hili: je, ni haki hofu ya mwenye tangazo iamue maneno ya msimuliaji?

Mchangiaji wa kwanza

Mimi nipo upande wa pili, na nitaongea kama mfanyabiashara. Nasaga unga wa uji wa watoto na natangaza mtandaoni kwa fedha kidogo sana. Mama akimaliza kuona maiti halafu akaona pakiti yangu, hilo ndilo atakalolikumbuka akisimama dukani. Simzuii mtu kusema chochote. Ninachosema ni kwamba fedha ni yangu, nami nina haki ya kuchagua mahali pa kukaa. Huyo mama angeweza kusimulia kila kitu na video ikabaki hewani. Aliyemziba mdomo ni mwenye chaneli. Mimi sijamgusa.

Mchangiaji wa pili

Namuunga mkono mkuu hapo juu, tena kwa sababu nyingine. Tumesahau zile chaneli za "TANZIA"? Msanii yuko nyumbani kwake anakunywa chai, huku picha ya jalada inamwonyesha ndani ya jeneza. Mama yangu mzazi aliwahi kunipigia usiku analia kwa ajili ya mwimbaji ambaye hadi leo yu hai. Kama ipo kanuni inayomnyima mtu fedha kwa picha za damu na misiba ya uongo, mimi naipokea kwa mikono miwili. Na someni kanuni zenyewe, zinazingatia muktadha. Habari na elimu zina nafasi yake. Neno "kuua" peke yake halijapigwa marufuku popote.

Mchangiaji wa tatu

Niko Mombasa, nafanya video za historia ya mwambao. Jaribuni kusimulia soko la watumwa la Zanzibar bila minyororo, bila viboko, bila kutaja walivyofanyiwa wanawake. Inabaki hadithi ya karafuu na milango ya nakshi.

Watu hutuambia tutafute wadhamini. Nimewatafuta. Mdhamini ni mwoga kuliko mashine ya YouTube inayokagua video, kwa sababu jina lake linatajwa na mdomo wangu mwenyewe. Ninachotegemea sasa ni watazamaji wanaonitumia kidogo kidogo kwa M-Pesa, na hao nawashukuru sana, ila haitoshi kulipa kodi ya nyumba. Na kwetu Kenya Sheria ya Fedha ya 2023 iliongeza kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa anayelipwa kwa maudhui yake.

Mleta mada

Nashukuru kwa hoja, na nitaanza na ya mchangiaji wa pili kwa sababu ndiyo nzito. Ni kweli, kanuni zimeandika muktadha. Lakini anayesoma kwanza ni mashine, na binadamu huja baadaye ukiomba ukaguzi. Ukaguzi huo unaweza kuchukua siku kadhaa, nazo siku za mwanzo ndizo ambazo video ya habari hutazamwa zaidi. Ukirudishiwa dola ya kijani baada ya hapo, watu wameshapita. Ndiyo maana mtu hangoji kuadhibiwa. Anakata mapema, na anakata zaidi ya kile ambacho kanuni ingekata. Hiyo video ya mama haikuwahi kufika mbele ya mashine yoyote. Niliikata mimi, chumbani kwangu, kwa kukisia.

Na mstari wenyewe hauchoki kuhama. Novemba 2022 walikaza upande wa matusi yanayotamkwa sekunde za mwanzo. Machi 2023 wakalegeza. Julai 2025 wakalegeza tena. Mapema 2020 ugonjwa wa corona uliwekwa kwenye fungu la matukio nyeti, na video zilizouzungumzia zikakosa matangazo hadi Machi mwaka huo, walipoanza kuziruhusia matangazo chaneli chache chache. Pale ambapo watu walikuwa na kiu ya maelezo, aliyeeleza ndiye aliyekosa malipo.

Kuhusu zile chaneli za misiba ya uongo, nakubaliana nawe kabisa. Zinyimwe. Kosa lao ni uongo, na uongo unahukumika kama uongo, bila kuligeuza neno "jeneza" kuwa kosa.

Kaka wa unga, haki yako siipingi. Ila nina swali. Kwenye mfumo wa Google wa kununua matangazo, mnunuzi ana viwango vitatu vya kuchagua tangazo likae kwenye video za aina gani: kipana, cha kawaida na kilichobanwa. Kile cha kawaida huwa kimeshawekwa usipogusa kitu. Wewe ulichagua kipi?

Mchangiaji wa kwanza

Nitasema ukweli. Sijui. Aliyeniwekea ni kijana mmoja wa hapa mtaani, mimi nilimpa picha ya pakiti na hela. Leo nimemuuliza, anasema hakugusa hapo.

Na nimeirudia hadithi yako nikiwa na mke wangu. Amesema wanaonunua unga wetu ndio hao hao wanaosikiliza simulizi kama ya huyo mama, na tangazo la uji chini ya video hiyo lisingemkera. Maiti hapana, amesisitiza. Lakini mtu anayesimulia, kwake yeye sawa. Sikuwa nimetenganisha hayo mawili.

Mleta mada

Ndiyo maana nilileta mada hii. Maamuzi mengi ambayo tunayaita matakwa ya wenye matangazo hayakuamuliwa na mtu yeyote. Yamo kwenye kisanduku ambacho hakuna aliyekigusa.

Jana nimempigia yule mama, nikamweleza nilichofanya na kwa nini. Aliniuliza kama bado ninayo rekodi ya kwanza. Ninayo. Mwenye chaneli amekubali iwekwe nzima, na njano ikija, gharama tutagawana. Nimelirudisha neno mahali pake, na jogoo nimemwacha.