Nyuki wanatetemeka mlangoni na wa malishoni hawarudi: ni sumu au virusi?

Alizeti_Singida: Wakuu, naomba msaada. Mizinga 12 ya Langstroth (ya masanduku yenye fremu), yote kwenye mstari mmoja, nusu mita kati ya mmoja na mwingine. Miwili ina nyuki wanaotetemeka mlangoni, mbawa zimetanuka, wengine weusi wanang'aa hawana manyoya. Idadi inashuka ingawa malkia anataga. Jirani anasema ni dawa ya shambani.

Mbochi: Sumu mara nyingi huua kwa mpigo, mkuu. Ungekuta rundo la mizoga, ndimi nje, tena kwenye mizinga mingi siku moja. Kutetemeka na kupukutika manyoya ni dalili za virusi vya kupooza (CBPV), ambavyo hushamiri nyuki wakibanana, kwa hiyo ongeza kasha la juu. Kisha kagua masega ya majana (watoto wa nyuki): ukiona nyuki wachanga wenye mbawa zilizokunjamana, hao wana DWV, virusi vya kuharibu mbawa. Usipowaona, usitulie bado. DWV huingia hadi kwenye ubongo. Nyuki mwenye mbawa nzima anashika harufu ya maua kwa shida, anaanza kwenda malishoni kabla ya umri wake, na safari zake huwa fupi. Wengi wanafia huko huko, ndiyo maana mzinga unapungua bila mizoga.

Sega_la_Kati: DWV husambazwa na utitiri wa Varroa, basi pima. Jioni, kwa moshi, kung'uta nyuki wa sega la majana ujaze nusu kikombe (kama 300), ukihakikisha malkia hayumo. Watie kwenye chupa yenye mfuniko wa wavu wa milimita 3, weka vijiko viwili vya sukari laini ya keki, viringisha dakika moja, acha kivulini dakika mbili. Pindua na utikise juu ya sahani nyeupe yenye maji. Sukari inayeyuka, utitiri wa kahawia-nyekundu unabaki. Gawanya kwa 3 upate idadi kwa nyuki 100. Kwingineko wengi huanza kutibu ikifika 3, ila nyuki wetu huhimili zaidi, usikimbilie dawa.

Alizeti_Singida: Asanteni. Niiunganishe hiyo miwili na mzinga wenye nguvu?

Mbochi: Hapana, utahamisha ugonjwa. Virusi havina dawa.

Manzuki: Tatizo kubwa naliona kwenye huo mstari. Mizinga inayofanana huwapoteza hata nyuki wazima. Tena utafiti wa Marekani wa 2020 ulionyesha kuwa nyuki mwenye IAPV (virusi vingine vya kupooza) hupunguziwa chakula na wenzake wa mzingani, lakini walinzi wa mzinga wa kigeni humpokea kirahisi kuliko mwenye afya. Tenganisha mizinga mita 2 hadi 3, geuza milango, paka bluu, njano na nyeupe (nyekundu hawaioni). Sogeza usiku, nusu mita tu kwa siku. Ukiuruka umbali mkubwa ghafla, wa malishoni watarudi pale pale mzinga ulipokuwa na kuingia kwa jirani, na virusi vyao.

Sega_la_Kati: Anza na hiyo miwili ya wagonjwa, ipeleke pembeni.