Ubuyu, kashata na gubiti za utotoni: niagize, ninunue au nipike mwenyewe?

Mkazi wa Moro
Wakuu, habari za leo. Mwezi ujao wadogo zangu wanarudi nyumbani, nataka niwaandalie sinia la vitu tulivyokuwa tukinunua getini shuleni: ubuyu, kashata ya nazi na gubiti. Nipo Morogoro. Niagize Zanzibar, nishuke Kariakoo, au niwashe jiko? Ubuyu wa pakiti nimeujaribu. Rangi inatisha, mdomoni sukari tupu.

BintiDarajani
Ubuyu agiza Unguja, usijitese. Pale Darajani unapata wenye pilipili na hiliki, bado una unyevunyevu, ukila vidole vinabaki vyekundu mpaka jioni. Mpe mtu anayepanda boti. Ila aonje kabla hajalipa, uliokaa sana huwa umeganda bonge.

Mgogo Asilia
Dada hapo juu, mibuyu yenyewe ipo kwetu Dodoma! Nunua mbegu zikiwa na unga wake mweupe, chemsha sukari, maji, hiliki, pilipili na rangi mpaka shira iwe nzito, mwaga mbegu, geuza haraka haraka. Mara ya kwanza mimi niliziosha mbegu eti usafi. Ule unga ndio uchachu wenyewe, nikabaki natafuna kokoto tamu.

BintiDarajani
😂😂 Haya, yako ya bei rahisi, nakubali. Utamu tutabishana.

Mama wa Tanga
Kashata ya nazi usiagize mbali, mwanangu. Joto hili, siku chache tu nazi imeanza kunuka. Ya karanga ndiyo inayovumilia safari. Ya nazi ipike siku moja kabla ya wageni, na uikate ingali ya moto, ikishapoa itakuvunjikia.

Gubiti sasa, hiyo mimi madukani siioni kabisa. Chemsha sukari na maji kidogo, kamulia ndimu ili isirudi chenga, acha ifike rangi ya asali. Dondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi. Likinyumbulika, bado. Likikatika "ta!", epua saa hiyo hiyo, maana ukichelewa kidogo tu ni uchungu.

Kariakoo Kwanza
Kariakoo vyote vipo ila ubuyu wa kila muuzaji una ladha yake. Nenda kama una muda wa kuzunguka.

Mkazi wa Moro
Mrejesho: ubuyu nimeagiza Unguja (samahani Mgogo), kashata nitapika Ijumaa. Gubiti nimejaribu jana usiku. Tone la kwanza lilivutika kama jojo, la tatu likalia ta! Kwa furaha nikaimwaga kwenye sinia bila kupaka mafuta. Sasa ipo, inang'aa, na haitoki. Nimwagie maji ya moto?

Mama wa Tanga
Maji usitie, utaiyeyusha yote! Weka sinia juu ya sufuria inayofuka mvuke, ikilegea chini ibandue kwa kisu. Na hizo za pembeni zilizovunjika ni za mpishi.