Tupeane uzoefu: kompyuta yako ya kwanza ya gemu za mbio, uliiunga vipi hapa Visiwani?

Usukani wa Chukwani

Assalaam alaykum wadau. Swali lile lile linarudi kila baada ya siku chache: "Nina kiasi hiki, nichukue prosesa gani, kadi gani ya picha?" Na majibu mengi yanatoka kwenye video za Wamarekani wenye chumba cha kiyoyozi na duka la vipuri mtaa wa pili. Sisi tuko Unguja na Pemba. Kipuri kinakuja na boti au na jamaa anayetoka Dubai, juu ya chumba kuna mabati, na chumvi inakula hata bawaba za mlango. Basi mwenye mashine aeleze yake: alinunua nini, alikipata wapi, anaendesha gemu gani, na pesa ile ingerudi angeitia wapi.

Naanza mie. Usukani niliupata kabla ya kompyuta. Mgeni mmoja alikuwa anahama, anauza Logitech G29 na pedeli zake tatu, nikaona ikinipita siipati tena kwa bei ile. Ikakaa kabatini mpaka nilipopata Dell OptiPlex 9020 ya mtumba, i5 ya kizazi cha nne, pale Mlandege. Niliitaka ile ya umbo la mnara makusudi. Ile nyembamba haipokei ila kadi fupi, na kadi fupi ni adimu na zinauzwa ghali. Hata mnara una masharti yake: pawa saplai, kile kisanduku cha umeme cha ndani, ni ya wati 290, na plagi zake za ndani Dell wamezifanya kivyao, huwezi kuichomoa ukaweka ya dukani bila adapta. Kwa hiyo nikatafuta kadi inayotosheka na umeme wa kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, ambao hauzidi wati 75. Nikaangukia GTX 1050 Ti ya GB 4, ile isiyo na tundu la waya wa ziada. RAM nikaipandisha hadi GB 16, nikatia SSD, nikaishia hapo.

Gemu yangu ni Assetto Corsa, ile ya awali ya 2014. Kwa skrini moja ya 1080p inakwenda fremu (picha) 60 kwa sekunde, imetulia, nikiwa peke yangu au na magari kumi. Nikiongeza yakafika ishirini na kitu, kadi bado inapumua, ila juu ya skrini yanatokea maandishi kwamba prosesa imepita asilimia 99, na usukani unaanza kuwa mzito wa kujibu. Hapo ndipo wengi wanapokimbilia kadi kubwa. Kadi haina kosa. Gemu hizi zinapiga hesabu za tairi za kila gari mamia ya mara kwa sekunde, na kazi hiyo ni ya prosesa.

Pesa ikirudi? Naitia kwenye breki. Pedeli ya G29 inapima mguu umekwenda umbali gani. Zile za bei zinapima mguu umekandamiza kwa nguvu gani, na ukiwa unashuka gia kuingia kona, mguu unaikumbuka nguvu zaidi kuliko umbali.

Mtoto wa Malindi

Mie natumia kibodi. Mkimaliza mniite.

Usukani wa Chukwani

Yakhe, kwa kibodi unafika kona ya kwanza tu.

Karafuu za Wete

Waalaykum salaam. Mwaka ule mikarafuu ilizaa, na fungu langu nikasema haliingii kwenye pikipiki. Nina ami yuko Dubai, nikamtumia orodha: prosesa ya Ryzen 5 5600, mazabodi ya B550, kadi ya RX 6600 ya GB 8, RAM mbili za GB 8, SSD ya NVMe ya TB 1 na pawa saplai ya wati 550 ya kampuni inayojulikana. Kesi nikanunua Unguja, maana kusafirisha sanduku tupu kwa ndege ni kulipia hewa.

Tuliiunga Unguja kwa rafiki yangu ili kama kuna kitu kibovu kijulikane kabla sijavuka. Ikawaka. Tulipofungua BIOS, mipangilio ya ndani ya mazabodi, tukakuta RAM za 3200 zinakwenda 2133. Huo ndio mtindo wao: usipowasha mwenyewe XMP, mpangilio wa kasi ya RAM, zinabaki kwenye mwendo wa chini, na kwenye gemu za mbio tofauti unaiona, hasa mwanzo wa mbio magari yakiwa yamerundikana. Halafu nikaichomoa kadi, nikairudisha kwenye boksi lake, ndipo nikapanda boti. Anayeujua mkondo wa Nungwi wakati wa kusi haniulizi kwa nini. Kadi ni nzito na inashikwa na tundu moja la plastiki pamoja na skrubu mbili. Kompyuta ikilazwa vibaya kwenye mizigo, kitakachovunjika ni tundu la mazabodi.

Sasa umeme. Pemba tunaletewa umeme kutoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010. Kabla ya hapo tulikuwa tunategemea majenereta ya dizeli. Mambo ni mazuri kuliko zamani, lakini kukatika kupo na jioni volti zinashuka. Mie nacheza iRacing, ambayo ni ya mtandaoni na unalipia uanachama. Pale ukipotea katikati ya mbio unamaliza nyuma, na alama zako zinashuka. Gemu haijui habari za umeme wako. Kwa hiyo kitu cha pili nilichonunua baada ya mashine ni UPS, yaani betri ya kushikilia umeme ukikatika.

Kwenye UPS msome vizuri. Sanduku linaandika VA 1000 kwa maandishi makubwa, na wati 600 kwa maandishi madogo upande wa nyuma. Inayokuhusu ni ile ndogo. Mashine yangu haifiki wati 300 nikiwa mbioni: RX 6600 yenyewe ni wati 132, na prosesa ni ya wati 65. Nimechomeka kompyuta, skrini, usukani na ruta. Ruta wengi wanaisahau, wanakaa na kompyuta inayowaka na intaneti iliyokufa. Chukua yenye kurekebisha volti ndani yake, usipate haja ya stabilaiza pembeni.

Pesa ikirudi, sibadilishi kitu. Labda kiti.

Mwalimu wa Fuoni

Msinicheke, mie mbio sizitaki. Nacheza Euro Truck Simulator 2, gemu ya malori. Nikitoka skuli, nikishasahihisha madaftari, napakia mzigo wangu naondoka. Napenda kuanzia Uingereza kwa sababu kule wanapita kushoto kama sisi, usukani uko kulia, sihitaji kufikiri.

Uwezo wangu ulikuwa mdogo, nikafanya kwa mafungu. Fungu la kwanza: Ryzen 5 5600G, ambayo ina sehemu ya picha ndani ya prosesa, kwa hiyo nilikaa muda mrefu bila kadi yoyote. Fundi aliyeniungia alisisitiza RAM ziwe mbili za GB 8, zisiwe moja ya 16, kwa sababu picha hapo zinaazima RAM ya kompyuta na zikiwa mbili njia inakuwa pana mara mbili. Tulijaribu kwa moja mbele ya macho yangu, lori likawa linakatakata hata barabara tupu. Tukatia ya pili, likatulia. Ningesimuliwa tu nisingeamini.

Mwanangu amekuja na Assetto yake, sasa anadai kadi.

Karafuu za Wete

Mwalimu, mtie RX 6600 au hata GTX 1650, atashukuru. Ila ajue 5600G ina kashe (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 16 na 5600 ya kawaida ina 32. Gemu za mbio zinaipenda sana kashe. Kwa malori yako huioni tofauti, kwake yeye akijaza magari ataiona. Mazabodi ni ile ile, siku moja atabadilisha prosesa peke yake.

Mwalimu wa Fuoni

Siku hiyo atakuwa na mshahara wake.

Jiwe la Shangani

Nyumba yetu iko karibu na bahari kiasi kwamba kioo cha dirisha ukikifuta asubuhi, jioni kinanata. Kompyuta ya kwanza nyumbani, ya kaka yangu, ilikuwa na kesi ya kioo mbele na taa za rangi. Nzuri kuangalia, ila hewa inapita kwenye ufa pembeni, na wakati wa kaskazi feni zinalia kama boti ya mashine. Yangu nikachagua yenye wavu mbele na kichujio kinachochomoka, nakiosha, nakianika, nakirudisha. Vichwa vya USB vya usukani sivichomoi ovyo, maana tundu lililo wazi ndilo linaloota kutu kwanza. Nisipocheza naifunika shuka, lakini iwe imezimwa na imepoa.

Na joto lenyewe msiliogope sana. Nimefunga fremu zisizidi 60 kwa sababu skrini yangu haionyeshi zaidi ya hapo. Kadi inayotoa fremu 110 kwenye skrini ya 60 inachoma umeme wa tukuza bure na kukuongezea joto chumbani.

Nina kisa cha kadi. Duka moja mjini, jina nalihifadhi, liliniletea 1050 Ti "mpya" kwa bei iliyonitia shaka. Boksi halina jina la kampuni, kadi ina tundu la zamani la VGA, lile la pini 15. Hizi 1050 Ti hazikutengenezewa tundu hilo. Nikamwambia muuzaji siwezi kulipa mpaka tuichomeke. Nilikuwa na GPU-Z kwenye flashi. Ni programu ndogo inayosoma kadi ni ipi, ya bure, haihitaji kusakinishwa. Ikaandika FAKE, yaani bandia, mbele ya jina la kadi. Chini yake ilikuwa kadi ya miaka ya nyuma kabisa iliyobadilishwa jina kwenye programu yake. Muuzaji akasema na yeye kauziwa hivyo. Inawezekana. Nilimwachia kadi yake, nikanunua RX 580 ya GB 8 kwa kijana aliyekuwa anaitumia, nikaiona ikifanya kazi kwake nusu saa nzima. Inakula umeme, kama wati 185, inahitaji pawa saplai ya maana na waya wake. Lakini inaendesha mpaka Assetto Corsa Competizione ya 2019, ambayo picha zake ni nzito kuliko ile ya kwanza.

Tatu za Bububu

Mie nina skrini tatu, nitasema kwa ufupi. Msianze na tatu. Skrini moja ya 1080p ni pikseli milioni 2 na kidogo, tatu ni milioni 6.2, na kadi inazichora zote. RX 6600 iliyokuwa inacheka kwa moja itahema kwa tatu. Nilianza na moja, nikaisogeza karibu kabisa nyuma ya usukani, nikarekebisha upana wa kuona ndani ya gemu uendane na umbali wa macho yangu. Hilo ni bure na lilinipunguzia muda wa mzunguko kabla sijanunua kitu chochote. Baadaye nikatia RTX 3060 ya GB 12, na prosesa nikahamia Ryzen 7 5700X3D, yenye kashe ya MB 96, kwenye mazabodi ile ile baada ya kusasisha BIOS. Magari thelathini, mvua, usiku, haitikisiki.

Pia mnasahau pedeli kwenye taili. Ukikanyaga breki kwa nguvu zinakimbia hadi ukutani na wewe kiti kinarudi nyuma. Seremala wa mtaani alinikatia ubao mmoja mrefu: mbele pedeli zimefungwa kwa skrubu, nyuma kiti kimekaa juu ya ubao huo huo, kwa hiyo uzito wangu ndio unaozishika. Kiti ni cha Noah, nimekitoa gereji Mwanakwerekwe, na reli yake ya kusogeza mbele na nyuma bado inafanya kazi.

Mtoto wa Malindi

Kiti cha Noah bei gani? Naanza kushawishika.

Tatu za Bububu

Inategemea unavyoongea na fundi. Nenda mchana, usiende na simu kubwa mkononi.

Kijana wa Mkoani

Shikamooni kaka na dada zangu. Kompyuta ninayo, mnara wa HP wenye i5 ya kizazi cha sita, na kadi ya 1650 nimeahidiwa. Kinachonisumbua ni usukani. Kuna mtu Chake anauza G27, anasema ni ya PlayStation. Itakubali kwenye kompyuta?

Usukani wa Chukwani

Marahaba. Itakubali, G27 inafanya kazi kwenye kompyuta bila tatizo, na ina gia ya mkono pamoja nayo, ambayo kwenye G29 unanunua mbali. Ni ya zamani, ya 2010, basi uigeuze usukani kutoka mwisho hadi mwisho usikilize. Gia za ndani kulia kidogo ni kawaida yake. Ukisikia inaruka au inakwama sehemu moja, iache. Na adapta ya umeme ipo?

Kijana wa Mkoani

Anasema imepotea alipohama nyumba.

Karafuu za Wete

Basi hiyo si bei anayokutajia. Bila adapta usukani haukazi mkononi, unazungusha plastiki tu. Na usikubali akupe ya laptop. Ya G27 ni ya volti 24, za laptop nyingi ni 19. Mafundi wa redio wa Chake wanaweza kukutafutia ya 24, ila nenda na usukani wenyewe wapime ncha iingie na chanya na hasi zisigeuke.

Kijana wa Mkoani

Nimempigia. Kashusha elfu hamsini na anasema anaitafuta tena chini ya kitanda. Nakwenda Jumamosi.